Chanzo cha Mnywamto

Nchi ninayoisimulia haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nimeagizwa nianze hivyo, na mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Haipo kaskazini wala kusini, haina bendera, na mto wake haukukauka. Msomaji akiiona inafanana na mahali anapopajua, hilo ni tatizo la macho yake, aende akapimwe.

Basi, katika nchi hiyo isiyokuwepo kulikuwa na mto uitwao Wimbe. Asubuhi moja watu wa mtaa wa Gongoni waliamka wakakuta mto umeondoka. Mawe yalikuwepo, matope yalikuwepo, hata kiatu kimoja cha aliyekuwa diwani kilionekana, ambacho yeye mwenyewe aliapa mahakamani kwamba hakijawahi kufika mtoni. Maji tu ndiyo hayakuwepo. Serikali ilishtuka sana, ikalikabidhi suala hilo kwa Tume ya Uchunguzi.

Mwaka huo Tume ya Uchunguzi ilikuwa imeunganishwa na Bodi ya Sinema ili kubana matumizi. Wataalamu walisema hakuna hasara yoyote, kwa kuwa zote mbili kazi yake ni kukaa gizani, kutazama mambo, kisha kuamua wananchi wasione nini. Tangu hapo ripoti zote za uchunguzi zikawa zinatolewa kwa sinema, na sinema yenye muhuri wa Tume ikawa ni ukweli kisheria. Mimi, Kombo Shaweji, ni karani daraja la tatu wa Tume hiyo. Kazi yangu ni kujaza fomu ya wahusika, na kwa miaka kumi na miwili sijawahi kuikunja hata ncha.

Ripoti ya kwanza kuhusu mto ilipendwa kupita kiasi. Ilikuwa na shujaa mwenye joho jekundu anayeruka angani. Jina lake siruhusiwi kulitaja, sababu nitaieleza, kwa hiyo tumwite Yule. Na ilikuwa na mbaya wake, Mnywamto, bwana mwenye tumbo kama pipa na tai ya mistari ya kijani, aliyeunyonya mto mzima kwa mrija. Taa zilipowashwa ukumbi wote uligeuka kumtazama Mkurugenzi wa Mito, aliyekaa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa tai ya mistari ya kijani, anakunywa kitu kwa mrija. Mimi nilidhani ni bahati tu, nguo siku hizi zinafanana.

Mwisho wa sinema Yule alimkamata Mnywamto, akamkamua kama mtu anavyokamua shuka la kufua, na maji yakatoka, yakajaa mto hadi ukingoni. Watu walipiga vigelegele, wakatoka mbio na ndoo kwenda Wimbe. Wakakuta mto mkavu vilevile. Walipokuja kuuliza, walielezwa kwa upole kwamba sinema imeishia pale, maji yenyewe yatafika sehemu ya pili.

Katika sinema hiyo kulikuwa na foleni ya bomba, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Foleni haikuigizwa. Makamera yalikwenda Gongoni yakawakuta watu wamepanga ndoo kwenye bomba lisilotoa kitu, yakawapiga picha vilevile walivyo. Mwongozaji aliniambia, "Hao hawana majina, Kombo, andika chochote." Lakini fomu haikubali chochote, na mimi sina kipaji cha kubuni. Nikapita na kalamu, nikaomba vitambulisho, nikaandika majina yao ya kweli. Mstari wa arobaini na moja: Mwatima binti Sheha, mwenye ndoo ya bluu. Mstari wa arobaini na mbili, wa mwisho: Tunu, mjukuu wake, amebebwa mgongoni.

Bi Mwatima alionekana kwa sekunde nne. Aliitazama kamera akasema, "Maji yetu yako wapi?" Hakuna aliyemfundisha. Mwongozaji alipendezwa na sauti yake, akaiacha.

*

Sehemu ya pili haikutengenezwa. Mwenyekiti wa Tume, Mheshimiwa Fikirini Dafa, alisafiri kwenda ng'ambo kwenye sherehe ya kampuni moja kubwa ya sinema. Mheshimiwa ana adabu ya hali ya juu. Tangu ateuliwe hajawahi kupita mbele ya kitabu cha wageni bila kusaini. Hotelini husaini, msibani husaini, na siku moja alisaini daftari la wagonjwa kwenye zahanati, akadungwa sindano. Huko ng'ambo aliwekewa mezani kitabu kizuri chenye jalada la ngozi, akasaini ukurasa baada ya ukurasa, na kila mahali penye nafasi ya maoni akaandika, "Nimefurahi sana, endeleeni hivyo hivyo." Kilikuwa mkataba. Aliporudi nyumbani Yule alikuwa mali ya kampuni: jina lake, joho lake, kuruka kwake, na kivuli chake.

Tulibaki na wengine wote. Mheshimiwa aliitisha mkutano, akapanda jukwaani bila wasiwasi wowote.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Shujaa ni mmoja, na ameondoka. Je, tulie? Hatulii! Tumebakiwa na hazina ya wabaya ambayo majirani zetu wanaimezea mate. Tunaye Mnywamto. Tunaye msaidizi wa Mnywamto. Tunaye dereva wa msaidizi wa Mnywamto! Taifa lenye busara hujenga juu ya kile lilichojaliwa. Kuanzia leo kila mmoja wao atapata sinema yake!"

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kulikuwa na kikwazo kidogo. Mtu hawezi kukaa saa mbili na nusu akimtazama mbaya asiye na la kujitetea. Ndipo ikatungwa Sheria ya Chanzo, nayo ni fupi: mbaya mwenye sinema yake lazima awe amesababishiwa ubaya huo na mtu mwingine, na aliyesababishiwa hana hatia. Huyo mtu mwingine lazima atoke kwenye orodha ileile ya wahusika, tena kwenye mstari ulio chini yake. Nilipouliza kwa nini chini, Mheshimiwa alinitazama kwa huruma.

"Kombo," alisema, "lawama ni kama maji. Umewahi kuona maji yakipanda mlima?"

*

Tulianza na *Kiu ya Mnywamto*. Humo tulimwona Mnywamto akiwa mtoto mpole anayeupenda mto, anauimbia, anaufunika blanketi. Kumbe aliunywa ili kuukinga na msaidizi wake aliyetaka kuuharibu. Mkurugenzi wa Mito alilia mpaka tai ikalowa, na hayo ndiyo maji pekee yaliyoonekana Gongoni mwezi ule. Jumatatu alirudishiwa ofisi yake, aliyosimamishwa baada ya ripoti ya kwanza, na bwawa lake la kuogelea, ambalo tangu mto uondoke lilikuwa limepanuka hadi likawa na viboko, likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Ikafuata sinema ya msaidizi, akasafishwa, lawama ikamshukia dereva. Dereva akasafishwa. Mlinzi wa lango akasafishwa. Wabaya walipokwisha tukaingia kwa watu wema: mama mwenye nyumba aliyempangisha Yule chumba, fundi aliyemshonea joho, kinyozi wake. Mstari wa ishirini na tatu ulikuwa mlango. Yule aliuvunja akimfukuza Mnywamto, na mimi niliuandika kwa kuwa ulionekana vizuri kuliko waigizaji wengi. Sinema ya mlango ilichukua saa mbili na dakika arobaini. Ulisimama tu, ukitazama mbele. Wakosoaji walisema haujawahi kutokea uigizaji wa utulivu namna ile, na lawama ikashuka kwa seremala.

Yule hakuruhusiwa kuonekana katika sinema hizo. Waigizaji walikuwa wanatazama juu na kusema, "Yule amepita." Mara moja mwewe halisi alipita juu ya seti, kivuli chake kikaingia kwenye picha, na mwanasheria wa kampuni akatuandikia barua ya kurasa tisa. Tukamkata mwewe.

Kumbi zilijaa kila Jumamosi alasiri. Mlangoni kila mtazamaji alipewa kikombe kimoja cha maji, na watu walipanga foleni tangu alfajiri wakiwa na watoto, wagonjwa, na bibi harusi mmoja. Mheshimiwa aliutazama umati ule machozi yakimlengalenga.

"Mnaona?" alituambia. "Wananchi wana kiu ya sinema."

*

Bi Mwatima alianza kuja ofisini tulipofika mstari wa thelathini na tatu. Alikuwa akitembea kutoka Gongoni, anakaa kwenye benchi na ndoo yake ya bluu magotini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika wa ngapi?"

"Thelathini na tatu. Mwosha magari."

"Na mimi wa ngapi?"

"Arobaini na moja, Bi."

Alihesabu kwa vidole, kisha akavikunja. "Basi nifutie, Kombo. Mimi si mwigizaji. Nilikuwa nimekwenda kuteka maji, mkanikuta huko na makamera yenu."

"Jina likishaingia kwenye fomu halitoki, Bi, ila kwa marekebisho."

"Si uyafanye?"

"Marekebisho hufanywa kwa sinema."

"Sinema ya nani?"

"Yako. Na ikishatengenezwa yako, ndipo unapoingia kwenye wabaya."

"Ala! Kwa hiyo ili nisiwe mbaya, kwanza niwe mbaya."

"Ndivyo utaratibu ulivyo, Bi."

Niliona haya. Nasema wazi kwamba niliona haya, ingawa fomu ilikuwa imejazwa sawasawa. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara nilimwambia maneno yaleyale kwa heshima ileile. Alikuwa ananisikiliza, anashukuru, anachukua ndoo yake na kuondoka. Angenitukana ningepata nafuu.

Kisha ikaja habari iliyobadilisha mambo. Kampuni ilikubali kutuazima Yule kwa siku moja, kwa tendo moja tu: kukamua. Mheshimiwa alifurahi kama mtoto. Sasa Tume ingemaliza kazi, ingempata Chanzo cha Mwisho, yaani asiye na mtu chini yake, ikamkabidhi kwa Yule mbele ya wananchi. Katika sinema ya kwanza aliyekamuliwa alikuwa mdoli wa mpira wenye mfuko wa maji tumboni. Niliuliza kama niuagize mwingine.

"Mdoli?" alisema Mheshimiwa. "Hii ni ripoti ya serikali, Kombo. Safari hii tunataka ukweli."

Kampuni ilimleta Yule mpya, mpiga mieleka wa kilo mia na arobaini.

Mstari wa arobaini alikuwa Mshindo, mwashi, jirani wa Bi Mwatima ukuta kwa ukuta, aliyesimama mbele yake kwenye foleni siku ile. Alipoulizwa chanzo chake, alitazama sakafu. Alisema alikuwa mtu mwema mpaka mwanamke mmoja alipopiga kelele nyuma yake. Alipotoka nje alimkuta Bi Mwatima mlangoni.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nina watoto."

"Najua," alijibu Bi Mwatima. "Huyo wa tatu alipozaliwa nilimpokea mimi."

*

Zamu ya Bi Mwatima ilipangwa Alhamisi. Jumatano alikuja na Tunu, ambaye sasa ana miaka minne. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye chujio la maji la ofisi, akafungua bomba, halikutoa kitu, akalifunga vizuri kama alivyofundishwa kwao.

Siku hiyo Bi Mwatima hakuniomba nimfutie. "Kombo, mwanangu. Chini yangu umeandika nani?"

Nilimfungulia fomu. Aliweka kidole. "Hapa?"

"Hapo, Bi. Tunu."

"Kwa hiyo watanitaka nimtaje huyu."

"Ndiyo."

"Nisipomtaja?"

"Watasoma wenyewe."

"Nikisema ni mimi, basi, yamekwisha?"

"Huwezi kuwa wa mwisho, Bi, na orodha haijaisha."

Tunu alikuwa amerudi kulifungua tena lile bomba, labda sasa lina maji. Bi Mwatima alimtazama, akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Basi wewe ihitimishe."

Akambeba mtoto mgongoni, mkubwa vile, akaondoka.

Nilibaki nimekaa. Nataka nieleweke: mimi si shujaa, hata paka wa jirani akinikodolea macho napisha njia. Lakini kidau cha wino wa mihuri kilikuwa mezani, na mkono wangu ulikiinamisha. Nilikusudia tone moja, likatoka dimbwi zima. Mstari wa arobaini na mbili ulimezwa wote, hata mimi niliyeuandika sikuweza kuusoma. Nililia kidogo, maana ile ilikuwa karatasi ya serikali, na haikuwa na doa tangu siku ya kwanza.

*

Kikao kilikuwa kesho yake asubuhi, ukumbi umejaa, vikombe vimekwisha.

"Mwatima binti Sheha," alisema Mheshimiwa, "ni wewe uliyetamka, 'Maji yetu yako wapi?'"

"Ndimi."

"Tume imepekua nyaraka zote za nchi. Kabla ya kauli yako hiyo, hakuna kumbukumbu yoyote rasmi inayoonyesha kwamba maji hayakuwepo. Unaona ulichokifanya?"

"Naona."

"Lakini hukuanza wewe, mama. Sheria inakulinda. Haya, tutajie chanzo chako, tukusafishe."

"Sina," alisema Bi Mwatima. "Ni mimi mwenyewe."

Katika historia yote ya Tume hakuna mtu aliyewahi kutamka maneno hayo, na mpiga chapa aliinua mikono kwenye mashine, hajui aandike nini. Mheshimiwa alijifuta jasho.

"Mama, usitutie aibu. Wenzako arobaini wamekuwa na chanzo, hata mlango ulikuwa nacho! Karani! Lete orodha. Chini yake kuna nani?"

Nilisogea. "Kuna wino, Mheshimiwa."

"Wino ni mhusika?"

"Hapana, Mheshimiwa. Umemwagika."

"Na chini ya wino?"

Miaka kumi na miwili nimeijaza fomu ile, na pale chini sikuwahi kupatazama kama vile mtu asivyotazama kisogo chake. Mheshimiwa alivaa miwani, akaisogeza karatasi dirishani, akasoma taratibu, kwa sauti iliyozidi kuchangamka.

"Imejazwa na: K. Shaweji, karani daraja la tatu."

Akavua miwani. "Kumbe tunaye humu humu!"

Lazima nikiri hoja yake haikuwa na ufa. Mwanamke anaweza kupiga kelele kwenye bomba mwaka mzima, upepo ukachukua. Aliyefanya kauli ile iwe na mwenyewe, mwenye jina na namba, ni mimi. Nisingeandika, kusingekuwa na Mwatima, wala foleni, na bila foleni mto usingekuwa na sababu ya kuonekana umekauka. Nilijikuta natikisa kichwa kukubali.

Bi Mwatima ndiye aliyesimama. "Huyu hajafanya kitu! Wallahi huyu aliandika tu!"

"Wewe umeshasafishwa, mama," alisema Mheshimiwa kwa upole. "Kaa chini. Sinema yako itaitwa *Machozi ya Mwatima*."

*

Ninaandika haya katika stoo ya vifaa vya Tume. Wamenitendea vizuri. Ninalala juu ya ule mlango maarufu, umelazwa juu ya matofali, na ni mtulivu kweli kama walivyosema wakosoaji. Kwenye kidirisha ninamwona Yule akifanya mazoezi uani. Anatumbukiza blanketi kwenye maji ya bwawa la kumbukumbu ya taifa, analikamua mpaka linakauka, anachukua jingine. Akiniona hunipungia mkono. Si mtu mbaya.

Bi Mwatima huja kila alasiri na Tunu. Huniletea kikombe chake cha maji, kile wanachopewa ukumbini, amekifunika kwa kanga. Mara ya kwanza nilikataa.

"Kunywa, mwanangu," alisema.

"Na nyinyi, Bi?"

"Sisi tumezoea. Kunywa."

Nikanywa. Nina kiu, ndiyo, lakini pia nimewaza juu ya hao watu watakaokuja na ndoo Jumamosi. Wameahidiwa kwamba nikikamuliwa maji yatatoka, na sipendi wananchi watoke Gongoni kote huko kisha warudi mikono mitupu. Nilipomweleza Bi Mwatima hivyo, alijifunika uso kwa kanga. Alilia, na mimi nikalia, tukijua wote wawili kwamba ni upotevu.

Leo nimeletewa fomu hii nijieleze kwa urefu, kisha nimtaje chanzo changu, ili nami nisafishwe. Safari hii nimeitazama vizuri, mpaka ukingo wa chini. Chini ya jina langu umebaki mstari mmoja. Umepigwa chapa "Imesomwa na", ikifuatiwa na nafasi ya saini.

Nimeuacha mtupu. Lakini Mheshimiwa ana subira, na lawama, kama alivyonifundisha, haipandi mlima. Kwa hiyo nawaomba, ndugu wasomaji, mkifika hapa msiweke saini. Mkiulizwa, semeni hamkusoma. Semeni nchi hiyo haipo.